Kaimu Asiyeamua: Kazi kama Shule ya Uongozi

Barua ya kukaimu katika utumishi wa umma wa Tanzania huwa fupi. Inataja jina la mtumishi, nafasi anayoikaimu na tarehe ya kuanza. Mara nyingi haisemi anaruhusiwa kuamua nini. Mkuu wa idara amekwenda likizo, au amestaafu na nafasi haijajazwa. Ofisa mwandamizi anakabidhiwa mafaili na kuanzia siku hiyo anasaini kwa niaba ya mwingine. Wanaomletea mambo mezani wanajua kwamba jambo lenye uzito litasubiri "mwenyewe" arudi, na yeye anajua kwamba wanajua. Miezi inapita. Akiulizwa baadaye amejifunza nini, ataweza kueleza vizuri jinsi barua inavyopita masjala, lakini si jinsi ya kuchagua kati ya mambo mawili ambayo yote yana hasara.

Ninadai kwamba ukaimu wa namna hii ni shule kubwa ya uongozi tuliyo nayo tayari, isiyohitaji bajeti mpya, na kwamba ndiyo tunayoitumia vibaya kuliko zote. Dai pana lililo nyuma yake ni hili: stadi za uongozi hazimei kwa mtu kuelezwa uongozi ni nini. Zinamea anapobebeshwa uamuzi halisi, akayaona matokeo yake kwa macho, na akalazimika kuyatolea maelezo kwa walio juu yake na walio chini yake pia. Sehemu ya mwisho ya sentensi hiyo ndiyo tunayoisahau, nami nitakaa nayo zaidi.

Tuanze na semina, kwa kuwa ndiko fedha zinakoelekea. Taasisi ikitaka "kujenga uwezo wa viongozi" hutafuta ukumbi Morogoro au Bagamoyo, humwalika mwezeshaji, hulipa posho ya kujikimu, na washiriki hurudi na cheti na begi lenye nembo. Sina neno na posho. Imelipa ada za watoto wengi. Wala sisemi vyuo havina kazi. Chuo cha Kivukoni kilipofunguliwa mwaka 1961 kilichukua watu wazima waliokwisha kuonja kazi ya chama, ya ushirika na ya vyama vya wafanyakazi, na darasa likawapa lugha ya kuelezea walichokwisha kukipitia. Leo Taasisi ya Uongozi, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 2010, inafundisha viongozi wa ngazi za juu kwa mpangilio unaofanana kidogo na huo. Kasoro ya semina ya kawaida inaonekana Jumatatu inayofuata: mshiriki anarudi kwenye ofisi ileile, faili lilelile linalongoja saini moja, na kikao kilekile ambamo mkuu huzungumza saa nzima kisha huuliza kama kuna mwenye swali.

Utafiti unaotajwa sana katika jambo hili ulifanyika Marekani. Mwaka 1988 McCall, Lombardo na Morrison walichapisha kitabu kilichotokana na mahojiano na mameneja 191 wa ngazi za juu, wakiwauliza ni matukio gani yaliwabadilisha kikazi. Majibu yalielekea zaidi kwenye kazi ngumu walizopewa, wakubwa wema na wabaya waliofanya nao kazi, na misukosuko waliyoipata. Kozi zilitajwa kidogo. Kutokana na kazi za namna hiyo ikazaliwa kanuni ya sabini, ishirini na kumi: sehemu sabini za kujifunza zatokana na kazi yenyewe, ishirini na watu, kumi na darasa. Idara nyingi za rasilimaliwatu sasa huinukuu kana kwamba ni kipimo cha maabara. Sivyo. Ni kumbukumbu za watu waliokwisha kufanikiwa, wengi wao wanaume wa kampuni kubwa za Marekani, na aliyefaulu hupenda kukumbuka kwamba alijifunza mwenyewe vitani. Wale waliopewa kazi ngumu zikawavunja hawakuhojiwa. Kwa hiyo utafiti huo unatuonyesha mahali pa kutazama tu. Hausemi ni kazi ya aina gani inayokuza na ipi inayodumaza.

Jibu la swali hilo naliona karibu zaidi na nyumbani. Jean Lave, mwanaanthropolojia, aliwachunguza mafundi cherehani wa Liberia miaka ya 1970 na kuona kwamba mwanagenzi hakufundishwa kwa mihadhara. Alianza na kazi za mwisho, kama kushona vifungo na kutia pindo, ambako kosa halikugharimu sana, kisha akarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye kukata kitambaa, ambako mkasi ukikosea kitambaa kimepotea. Mwenye macho ataliona jambo hilohilo Kariakoo. Wafanyabiashara wengi wa Kikinga wanajulikana kwa kumchukua kijana kutoka Makete, kumweka dukani, na baada ya muda kumwachia duka. Kuachiwa duka maana yake ni kwamba jioni anahesabu mauzo yeye, mteja akitaka kupunguziwa bei anaamua yeye, na mzigo ukikwama anaulizwa yeye. Ukubwa wa uamuzi unapandishwa kadiri kijana anavyokua, lakini tangu mwanzo ni uamuzi wa kweli. Wapo vijana wanaonyonywa kwa utaratibu huohuo, jambo lisilofaa kupambwa. Hata hivyo, mpangilio wake una kitu ambacho barua ya kukaimu haina: mipaka inayojulikana na hesabu inayofungwa.

Lakini duka la Kariakoo halitupi kila kitu. Kijana huwajibika kwa tajiri wake peke yake. Ofisi na kiwanda vina watu wengi walio chini, na hapo historia ya Tanzania ina somo ambalo vitabu vya menejimenti kutoka nje havina.

Waraka wa Rais Na. 1 wa mwaka 1970 uliagiza mashirika ya umma yaunde mabaraza ya wafanyakazi. Mwaka uliofuata chama tawala, TANU, kilitoa waraka wa sera ulioitwa Mwongozo, na ibara yake ya 15 ikamkataza kiongozi majivuno, dharau na ukandamizaji, ikataka pawepo juhudi ya makusudi ya kuleta usawa kati ya viongozi na wanaoongozwa. Walioiandika huenda hawakutarajia kwamba wafanyakazi wangeikariri. Kati ya 1971 na 1973 kazi ilisimama katika viwanda na mashirika mengi, na kama wasomi Issa Shivji na Pascal Mihyo walivyoonyesha, malalamiko mengi hayakuhusu mshahara. Yalihusu meneja anayetukana, ubadhirifu, na watu kutendewa kama hawana akili. Mwaka 1973, katika kiwanda cha mpira cha Mount Carmel jijini Dar es Salaam, wafanyakazi walimfungia nje mwenye kiwanda na kuendelea kuzalisha wenyewe.

Tukio hilo kwa kawaida husomwa kama sura ya mapambano ya kitabaka, na ni sawa. Mimi nalisoma pia kama ushahidi kuhusu namna watu wanavyojifunza kuongoza. Kiwanda hakiendeshwi kwa kaulimbiu. Lazima mtu apange zamu, ajue malighafi imebaki kiasi gani, amtulize mwenzake anayetaka kulipiza kisasi, azungumze na maofisa wa serikali bila kutetemeka. Stadi hizo hazikushuka siku ile ya kufunga lango. Zilikuwa zimelundikana kwa watu ambao cheo chao hakikuwapa nafasi ya kuzitumia. Ni swali zito kwa taasisi yoyote: uongozi kiasi gani umelala kwenye karakana, masjala na wodi zetu, ukisubiri mgogoro ili uonekane?

Na mameneja je? Ibara ya 15 iliwapa mahakama bila kuwapa shule. Waliambiwa wasiwe na dharau, lakini muundo wa kazi haukubadilika: uamuzi ulibaki kwao na baraza likabaki la ushauri. Mfanyakazi aliyekuwa na neno akawa na njia mbili, kunyamaza au kugoma. Majaribio mengine ya kutwaa viwanda yalizimwa na dola, wimbo wa nidhamu kazini ukachukua nafasi ya wimbo wa usawa, na pande zote mbili zikatoka hapo bila mazoea ya kujibizana kwa amani. Mabaraza bado yapo kisheria katika utumishi wa umma. Aghalabu hukutana kupitisha bajeti ambayo tayari imekwisha kuandaliwa, na wajumbe hupiga makofi.

Kisha ukaja wakati wa fomu. OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi wa umma ulioanza mwaka 2004, ulikusudia jambo jema: kuziondoa ripoti za siri ambazo mtumishi hakuwahi kuziona, na badala yake yeye na msimamizi wake wakae, wakubaliane malengo, wakutane tena katikati ya mwaka na mwishoni. Kama mazungumzo hayo yangefanyika kila mahali kwa uaminifu, huenda leo tungekuwa na kizazi kizima cha wasimamizi wanaojua kumwambia mtu ukweli bila kumvunja. Ilivyokuwa kwingi ni kwamba fomu ilijazwa karibu na muda wa kupanda daraja, na alama zilifanana kama sare za shule. Sasa mfumo wa kielektroniki wa PEPMIS umechukua nafasi yake. Kompyuta itaonyesha vizuri nani hakujaza, lakini haiwezi kumfanya mkuu asikilize. Na fomu ya OPRAS, pamoja na kuwa na kipengele cha uongozi ndani yake, ilitazama upande mmoja: wa juu alimpima wa chini.

Kwa nini upande huo mmoja ni tatizo la ukuaji, si la haki peke yake? Amy Edmondson wa Harvard alichunguza makosa ya kutoa dawa hospitalini, akachapisha matokeo mwaka 1996. Alitarajia timu zenye uhusiano mzuri ziwe na makosa machache. Takwimu zikaonyesha timu hizo ziliripoti makosa mengi zaidi. Maelezo yake ni kwamba hazikukosea zaidi; zilithubutu kusema. Anayeongoza timu isiyosema hupata picha nzuri ya uongo, na kwa kuwa hajui alipokosea, hana cha kujifunza. Miaka kumi ya cheo kwake ni mwaka mmoja uliorudiwa mara kumi.

Tunao mfano wa nyumbani unaoelekea upande mwingine. Kuanzia mwaka 2007, kwa msaada wa Japani, hospitali za Tanzania zilianza 5S na kaizeni, yaani utaratibu wa kupanga mahali pa kazi na kuboresha kazi hatua kwa hatua, na Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ikawa miongoni mwa za mbele. Wageni husifia rafu zilizopangwa na lebo za rangi. Mimi kilichonivutia ni vikundi vidogo vya uboreshaji katika kila kitengo, ambamo muuguzi, daktari na mhudumu wa usafi hukaa pamoja kutafuta chanzo cha tatizo lao wenyewe, tuseme dawa zinazoisha muda wake kabati likiwa limejaa, na kujaribu ufumbuzi wake. Muuguzi anayeongoza kikundi kama hicho ana uamuzi mdogo ulio wake na matokeo anayoyaona wiki ijayo, mbele ya wenzake ambao hawatasita kumwambia kwamba lebo zile hazisaidii.

Turudi sasa kwa kaimu na madai kwamba apewe uamuzi wake. Pingamizi la kwanza nitakalokutana nalo ni la ukaguzi. Kaimu hathubutu kuamua, nitaambiwa, kwa sababu Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu atakapoibua hoja, jina litakaloandikwa ni lake. Ni kweli, na sheria za fedha na manunuzi zina sababu zake. Lakini sehemu kubwa ya kazi ya kuongoza haigusi malipo: nani apangwe wapi, malalamiko ya mteja yashughulikiwe vipi, kikao kiendeshwe na nani, kijana mpya afundishwe na nani. Mambo hayo nayo hukwama, na hakuna mkaguzi anayeyakwamisha.

La pili ni heshima. Tumelelewa kwamba mkubwa hajibiwi, na wapo wanaosema kumruhusu mdogo ahoji ni kuingiza ugeni ofisini. Sikubaliani. Heshima yetu inasimamia namna ya kusema: unaamkia kwanza, unaomba radhi kabla ya kupinga, humwaibishi mtu mbele ya wageni. Hakuna popote inapodai kwamba mwenye kuona shimo anyamaze mpaka mzee atumbukie. Ninashuku kwamba mara nyingi wanaoitaja heshima katika mjadala huu wanatetea raha ya kutoulizwa.

Basi barua ya kukaimu ingeandikwaje? Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za mwaka 2009 zinaonyesha kwamba kukaimu nafasi iliyo wazi hakukukusudiwa kuzidi miezi sita. Ndani ya muda huo barua ingeweza kutaja mambo matatu au manne ambayo kaimu ataamua mwenyewe bila kungoja, na yale asiyoruhusiwa kuyagusa. Akimaliza, aandike kurasa mbili: aliamua nini, kwa sababu gani, nini hakikwenda alivyotarajia. Mkuu wake asome. Kisha watumishi wa idara hiyo wakae naye saa moja, yeye akiwa ameketi upande wa wanaoulizwa, na maelezo ya kikao hicho yawekwe kwenye jalada lake yasubiri siku nafasi itakapotangazwa. Mkuu anayerejea kutoka likizo naye atakuta maamuzi ambayo hakuyafanya, na ofisi ambayo imeendelea kutembea.