Nafasi Tupu za Mendeleev: Historia Fupi ya Jedwali la Elementi

Jedwali la elementi litundikwalo katika maabara za kemia huwafanya wanafunzi wengi wadhani kwamba lilikamilika siku moja, kwa akili ya mtu mmoja. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba nguvu yake ilitokana hasa na nafasi zilizoachwa tupu ndani yake.

Mwaka 1829, Mjerumani Johann Döbereiner alieleza kwamba baadhi ya elementi hufanana tatu tatu. Kwa mfano, uzito wa atomu ya bromini hukaribia wastani wa uzito wa klorini na iodini. Hata hivyo, wanakemia walikuwa hawajaafikiana juu ya namna ya kukadiria uzito huo. Katika mkutano wa Karlsruhe wa mwaka 1860, Mwitalia Stanislao Cannizzaro aliwapatia njia iliyo wazi, na tangu hapo elementi ziliweza kupangwa kwa mfuatano.

Mwingereza John Newlands alitambua kwamba tabia za elementi hujirudia kila zifikapo nane. Alipolieleza wazo hilo London mwaka 1866, msikilizaji mmoja alimuuliza kwa dhihaka kama alikwisha kujaribu kuzipanga kwa alfabeti. Newlands alikuwa ameijaza kila nafasi, hata kuziweka elementi mbili mahali pamoja.

Dmitri Mendeleev wa Urusi, aliyepanga elementi 63 mwaka 1869, alifuata njia nyingine. Pale ambapo hakuna elementi iliyolingana na safu yake, aliacha pengo. Na mwaka 1871 akatabiri sifa za elementi tatu ambazo hakuna aliyekwisha kuziona. Galiamu ilipogunduliwa Ufaransa mwaka 1875, mgunduzi wake alipata densiti ya 4,7. Mendeleev alishikilia kwamba yapasa kuwa karibu 5,9. Kipimo kiliporudiwa, ikawa 5,9. Skandiamu ilifuata mwaka 1879, kisha gerimaniamu mwaka 1886, huko Freiberg, Ujerumani. Uzito uliotabiriwa ulikuwa 72. Ujulikanao leo ni 72,6. Gerimaniamu hiyo ndiyo ipatikanayo pia katika madini ya Kipushi, huku Katanga.

Yafaa kukumbuka kwamba Mendeleev naye alikosea. Aliitanguliza teluriamu mbele ya iodini kwa kufuata tabia zake, akadai kwamba uzito wake ulipimwa vibaya. Uzito ulikuwa sahihi. Mwaka 1913, Henry Moseley alithibitisha kwa miali ya eksirei kwamba msingi wa mpangilio ni namba ya atomu: teluriamu ni 52, iodini 53. Moseley aliuawa vitani Gallipoli mwaka 1915, akiwa na umri wa miaka 27.

Leo elementi zijulikanazo ni 118, na safu ya saba imejaa tangu nne za mwisho zipewe majina mwaka 2016. Wanaotafuta ya 119 wangali wanaongozwa na mpangilio uleule.