UZI: Wazee waliopigana vita wanadai nini hasa? Pensheni, fidia au msaada?

1/ Kila msimu wa siasa ukifika utasikia jukwaani: "Tutawalipa mashujaa wetu!" Watu wanapiga makofi, mzee mwenye nishani kifuani anasimamishwa apigwe picha, halafu msafara unaondoka. Mzee anabaki hapo na fimbo yake. Leo hatutaji chama wala mtu. Tunauliza tu: huyo mzee anamdai nani, anadai nini, na mbona hajalipwa? Kaeni, ni ndefu kidogo.

2/ Kwanza tutenganishe maneno matatu ambayo wanasiasa hupenda kuyachanganya.
Pensheni ni haki ya kazi. Ulitumikia, rekodi iko, unalipwa kila mwezi.
Fidia ni malipo ya dhuluma. Aliyekuumiza anakulipa, mara nyingi mara moja tu.
Msaada ni hisani. Anayekupa leo anaweza kuacha kesho, na huwezi kumpeleka kortini.
Shikeni hayo matatu, kwa sababu hadithi yote iko hapo.

3/ Tuanze na jina mnalolijua: Kariokor, Nairobi. Jina limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita vya Kwanza vya Dunia (Kariakoo ya Dar es Salaam ni jina lilelile). Jeshi halikuwa na barabara wala malori ya kutosha, na wanyama waliuawa na mbung'o. Kwa hivyo chakula na risasi vilibebwa na vichwa vya watu, kutoka Kenya hadi ndani kabisa ya Tanganyika. Wengi waliandikwa kwa nguvu kupitia machifu. Waliokufa, wengi wao kwa magonjwa na njaa kuliko risasi, ni makumi ya maelfu.

4/ Sasa, mpagazi akifa njiani mshahara wake unaenda wapi? Kwa familia, si ndio? Shida ni kwamba wengi waliandikwa vibaya, au jina bila kijiji, na jamaa zao hawakupatikana. Pesa ambazo hazikuchukuliwa zilizua mabishano ya miaka mingi. Oscar Watkins, aliyewasimamia wapagazi hao, alitaka zitumike kwa faida ya jamii walikotoka. Hazina ya London ilikataa. Kumbuka hili: jina lisipoandikwa, deni nalo linapotea.

5/ Pita Kenyatta Avenue utaona sanamu tatu za shaba, zimesimama hapo tangu 1928. Maandishi yake yanaahidi kwamba hata ukifa, wanao watakumbuka jina lako. Lakini mwaka 2021, ripoti ya tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba angalau watu 116,000 waliokufa katika vita hivyo, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakuandikwa majina popote, au hawakukumbukwa kabisa. Tume iliomba radhi, miaka zaidi ya mia moja baadaye.

6/ Na wenzao wazungu je? Mwaka 1919 serikali ya kikoloni ilianzisha mpango wa kuwapa wanajeshi wazungu waliotoka vitani mashamba hapa Kenya. Zaidi ya mashamba 1,000 yaligawanywa, mengine kwa bahati nasibu iliyochezwa Theatre Royal, Nairobi. Sehemu ya ardhi hiyo ilikuwa ya Wanandi. Mwafrika aliyebeba mzigo vita vizima hakuwa na tikiti ya kuingia. Alichopata karibu na wakati huohuo ni kipande cha kuvaa shingoni. Asante ya punda kweli.

7/ Vita vya Pili. Karibu Waafrika 98,000 kutoka Kenya waliingia jeshini, wengi katika King's African Rifles, ile wazee waliiita Keya. Walipigana Abyssinia, wakaenda Madagascar, kisha Burma. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilisukuma Wajapani katika bonde la Kabaw, mvua ikinyesha, malaria kila mahali. Mmoja wa waliopigana Burma ni Waruhiu Itote, ambaye baadaye msituni aliitwa General China.

8/ Wakati wa kuwaaga ulipofika 1945, malipo ya kwaheri yalipangwa kwa rangi. Nyaraka zilizotolewa hadharani 2019 zinaonyesha kwamba askari Mwafrika wa Afrika Mashariki alipewa kama theluthi moja tu ya alichopewa mzungu wa cheo sawa aliyetumikia muda sawa. Na kwa wengi ilikuwa malipo ya mara moja, si pensheni. Wazungu wakaletewa tena mpango wa mashamba. Askari wetu akarudi kwa kipande kilekile na kodi ileile. Ukishaelewa hapo, hutashangaa kwa nini waliotoka Burma walikuwa na hasira miaka michache baadaye.

9/ Ruka hadi 2018. Uingereza ikatangaza pauni milioni 11.8 kwa miaka mitano, kwa wanajeshi wazee na wajane wapatao 7,000 katika nchi za Jumuiya ya Madola. Lengo likatajwa: waweze kupata milo miwili kwa siku. Sisemi ni vibaya, mzee wa miaka 95 akipata uji asubuhi na ugali jioni tunashukuru. Lakini angalia neno lililotumika. Mtu aliyepunjwa mshahara wake 1945 anapewa msaada wa chakula 2018. Deni limegeuzwa hisani, na mwenye haki anaambiwa aseme asante.

10/ Mau Mau ni kesi nyingine kabisa, na hapa ndipo mitandaoni tunachanganya sana. Hawakuwa jeshi la serikali yoyote. Hakukuwa na mshahara, kwa hivyo hakuna hesabu ya pensheni. Marufuku dhidi ya Mau Mau yenyewe iliondolewa 2003 tu, miaka 40 baada ya uhuru! Mwaka 2009 wazee watano walishtaki serikali ya Uingereza kortini London kwa mateso ya kambini. Juni 2013 wakakubaliana: pauni milioni 19.9 kwa walalamishi 5,228, gharama za kesi zikiwa ndani, pamoja na mnara uliozinduliwa Uhuru Park 2015. Hiyo ilikuwa fidia ya mateso. Haikuwa malipo ya kupigania uhuru, na waliokuwa nje ya orodha hiyo hawakupata.

11/ Na leo? Mwanajeshi wa KDF anayestaafu analipwa pensheni kwa pesa za umma, kulingana na mshahara wake na miaka aliyotumikia. Mpango ulioanza Januari 2021, ambapo watumishi wa umma, walimu na polisi hukatwa hadi asilimia 7.5 na serikali inaongeza 15, haukuwaingiza wanajeshi. Mwaka 2022 tulipata pia sheria maalum ya wanajeshi wastaafu. Mashujaa wa ukombozi wako chini ya Sheria ya Mashujaa ya 2014. Na ile Inua Jamii ya wazee wa miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi, ni kitu kingine tena: ilipoanza, anayepokea pensheni hakustahili. Kwa hivyo mtu akikuambia "serikali inawalipa wazee tayari", muulize: wazee gani, kwa sheria gani?

12/ Nimalizie na la nyumbani. Babu yake mamangu alikuwa Burma. Alipofariki, alimwachia mkewe sanduku la bati: nishani moja, na kitabu cha kuachishwa kazi kilicholiwa na mchwa pembeni. Miaka mingi baadaye nyanya akasikia kuna msaada wa wajane wa Keya. Akapelekwa ofisi fulani, sitaitaja. Akaulizwa cheti cha ndoa. Nyanya aliolewa kwa mbuzi na pombe ya kienyeji, kabla ya vita. Cheti angetoa wapi? Akaambiwa arudi na barua ya chifu, akarudi nayo, akaambiwa jina la babu limeandikwa tofauti. Alifariki bado faili iko mezani. Yaleyale ya wapagazi wa 1917: jina.

13/ Na tusidhani hilo ni la wajane wa wakoloni peke yao. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa za kimila zisajiliwe, lakini ni wangapi kijijini wamesajili? Askari akifa leo, mjane bila karatasi ataanza na chifu, kisha kesi ya urithi, huku watoto wakitumwa nyumbani kwa karo. Kama una mzazi au mume aliye kazini, hakikisha majina ya familia kwenye faili yake ni sahihi. Fanyeni leo.

14/ Kwa hivyo mgombea akisimama na ahadi ya mashujaa, msipige makofi kwanza. Muulizeni matatu:
a) Unazungumzia nani: waliovaa sare ya KDF, waliovaa ya mkoloni, au waliokuwa msituni?
b) Ni pensheni, fidia au msaada, na pesa inatoka bajeti gani?
c) Orodha iko kwa nani, na mjane asiye na cheti atathibitisha vipi?
Akijibu yote, mpe kura yako ukipenda. Akianza kuimba, mnajua.

15/ Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Wazee wa Burma waliobaki wamepita miaka 95 na wengi hawatafika uchaguzi ujao. Tukichelewa tena, watakaobaki kudai ni watoto wao, na hao tutawauliza karatasi pia. Kama una hadithi ya mzee wenu, iandike hapa chini, pamoja na jina lake kama familia imekubali. Angalau hilo lisipotee.