Kimondo tunakijua, matanuri ya Wanyiha je?

Wadau, ukipita barabara ya Mbeya kwenda Tunduma, lazima mtu akuambie habari za kimondo cha Mbozi. Zaidi ya tani 10, karibu asilimia 90 chuma kitupu, kilichobaki sehemu kubwa ni nikeli. Eti "kiligunduliwa" mwaka 1930! Wenyeji walikuwa wanakiona miaka yote.

Leo nazungumzia chuma kingine, cha ardhini. Wanyiha wa Mbozi walikitoa kwenye mawe kabla Mjerumani hajafika. Mawe hayo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, ndugu wa kutu. Waliyachoma kwa mkaa ndani ya tanuri la udongo refu kuliko mtu, lenye matundu chini, likivuta hewa lenyewe bila mivukuto. Gesi ya mkaa ikayanyang'anya mawe oksijeni.

Chuma huyeyuka kwenye nyuzi 1,538 za Selsiasi. Tanuri halikufika huko, hivyo lilitoa bonge lenye vitundu na uchafu. Likasafishwa kwenye tanuri dogo, sasa kwa mivukuto, kisha likapigwa nyundo. Hapo jembe likazaliwa.

Baadaye yakaja majembe rahisi ya Ulaya, moto ukazimika. Shuleni tulikariri kwamba babu zetu walifua chuma. Walifuaje? Hatukuulizwa kwenye mtihani.

Kimondo kitakuwepo tu, kigumu kile. Matanuri ni udongo, mvua haina huruma. Kama una babu Mbozi, muulize mapema.