Mtoto asiyeona afundishwe kusafisha meno kwa vidole na ulimi

WAZAZI wengi humfundisha mtoto kupiga mswaki kwa kumsimamisha mbele ya kioo na kumwambia aangalie wanavyofanya. Kwa mtoto asiyeona, somo hilo halina maana. Hawezi kuliona doa jeupe au la kahawia ambalo ni dalili ya awali ya jino kuoza, wala damu iliyobaki kwenye mswaki, ambayo huashiria ugonjwa wa fizi. Mara nyingi hulitambua tatizo baada ya maumivu kuanza, na wakati huo pengine jino haliwezi tena kuokolewa.

Upofu wenyewe hauozeshi meno. Meno ya mtoto asiyeona huoza kwa sababu zilezile zinazoozesha meno ya watoto wengine. Bakteria waliomo katika ukoga, yaani utando laini unaojijenga juu ya meno, huitumia sukari ya vyakula na vinywaji na kutoa tindikali inayomomonyoa jino. Ukoga usipoondolewa, fizi nazo huvimba na kutoa damu. Kinachopaswa kubadilika, basi, ni njia ya kufundisha.

Hata vidonge vya rangi vinavyotumiwa na madaktari wa meno ili kuudhihirisha ukoga humsaidia anayeona tu. Hata hivyo, mtoto asiyeona anacho kipimo chake, nacho ni ulimi. Jino lenye ukoga huwa na mkwaruzo au utando. Jino safi huteleza. Mwaka 2012 watafiti nchini India walichapisha matokeo ya mbinu inayounganisha maelezo ya mdomo na kugusa, na ukoga ulipungua katika meno ya watoto waliofundishwa kwa mbinu hiyo.

Somo lianze kwa mfano mkubwa wa taya, ambao unaweza kufinyangwa hata kwa udongo. Mtoto aupapase kwa vidole na kuelezwa kwamba meno ya mbele hukata, chonge huchana na magego husaga. Kisha anawe mikono na kuyagusa meno yake mwenyewe, akiyahesabu. Meno ya utotoni ni 20. Anapofikia umri wa miaka sita hivi, aonyeshwe kwa kidole gego jipya linaloota nyuma ya meno hayo. Gego hilo ni la kudumu, na kwa kuwa limejificha nyuma kabisa, ni rahisi kusahauliwa.

Hatua inayofuata ni mswaki. Mwalimu amweleze mtoto kabla ya kumgusa, kwani kuingiziwa kitu kinywani bila taarifa humtisha. Asimame nyuma yake, ili kulia na kushoto kwao kuwe kumoja, kisha waushike mswaki pamoja. Waanze kwenye mfano, halafu kinywani, kwa miduara midogo inayogusa na fizi. Mpangilio usibadilike: upande wa nje, upande wa ndani, kisha sehemu ya kutafunia, juu na chini. Mtoto ahesabu hadi kumi kila sehemu, au aimbe wimbo unaochukua dakika mbili. Akimaliza, apitishe ulimi kwenye kila jino. Penye mkwaruzo arudie.

Dawa ya meno iwe na madini ya floraidi. Mtoto wa chini ya miaka mitatu atumie kiasi cha punje ya mchele, na wa miaka mitatu hadi sita kiasi cha punje ya njegere. Kwa kuwa ni vigumu kwa asiyeona kuilenga dawa juu ya mswaki, aiminye kwenye ncha ya kidole kisafi, aupime ukubwa wake, kisha aipake kwenye meno. Meno yasafishwe mara mbili kwa siku, na moja kati ya hizo iwe kabla ya kulala.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika shule za bweni, kama ile ya wasioona ya Buigiri mkoani Dodoma na ya Thika nchini Kenya, ambako watoto huishi mbali na wazazi. Mswaki wa kila mtoto ufungwe uzi wenye idadi yake ya mafundo, au uwekewe alama ya nukta nundu, ili asitumie wa mwenzake. Tyubu ya dawa ya meno nayo iwekewe alama, isije ikachanganywa na ya dawa ya ngozi. Wenye uoni hafifu, wakiwamo watoto wengi wenye ualbino, wapewe mwanga wa kutosha na mswaki wa rangi iliyokoza.

Mtoto afundishwe pia dalili anazoweza kuzitambua mwenyewe: ladha ya chumvichumvi ya damu, fizi inayouma ikiguswa, shimo linalonasa chakula, na jino linaloshtuka kwa maji baridi. Akizitaja, apelekwe kwa daktari wa meno bila kusubiri maumivu makali.

Hadi afikishe miaka saba au minane, mtu mzima aendelee kumkagua na kumsaidia, kama afanyavyo kwa mtoto yeyote. Lakini kumsaidia si kumfanyia kila kitu. Mtoto anayepigishwa mswaki na wengine siku zote hubaki bila ujuzi siku wanapokosekana. Aliyeujua usafi kwa ulimi wake hahitaji kuambiwa na mtu kwamba meno yake yametakata.