Maumivu yasiyokwisha baada ya homa: Utafiti wa Msambweni na tiba za pwani

Maumivu sugu, kwa mujibu wa wataalamu, ni yale yanayodumu au kurudi tena na tena kwa zaidi ya miezi mitatu. Huweza kubaki hata baada ya jeraha au ugonjwa ulioyaanzisha kupona. Katika Kaunti ya Kwale, kuanzia Diani hadi Vanga, mtu anayelalamika viungo kwa muda mrefu huambiwa kwa kawaida kuwa ana baridi yabisi au uzee umeingia. Chanzo kimoja hakitajwi mara nyingi, nacho ni virusi vinavyoenezwa na mbu.

Mwaka 2009 watafiti walichukua damu ya watu 1,848 katika vijiji vya Milalani na Nganja, upande wa Msambweni, na katika eneo la Vuga, karibu na mji wa Kwale. Walitafuta kingamwili za virusi viwili vya ukoo mmoja, chikungunya na o'nyong-nyong. Matokeo yalichapishwa mwaka 2015. Watu 486, yaani asilimia 26, walikuwa na alama za maambukizi. Kati ya sampuli 443 zilizothibitishwa kwa kipimo cha pili, 250 zilikuwa za o'nyong-nyong na 25 za chikungunya, huku 168 zikiwa na kingamwili nyingi za virusi vyote viwili. Wanawake walikutwa nazo zaidi kuliko wanaume.

Uzito wa takwimu hizo ni kwamba hazikutokana na mlipuko uliotangazwa. Watafiti walihitimisha kuwa virusi hivyo huendelea kuzunguka kimyakimya kati ya mlipuko mmoja na mwingine. Katika eneo ambako kila homa hudhaniwa kuwa malaria, ni rahisi mgonjwa kumeza dawa ya malaria, homa ikashuka yenyewe, na maumivu ya viungo yanayobaki yasihusishwe kamwe na homa ile.

Majina ya magonjwa haya yenyewe yanaeleza mengi. Chikungunya ilitambuliwa mwaka 1952 katika uwanda wa Wamakonde, wilayani Newala, kusini mwa Tanganyika ya wakati huo. Madaktari Marion Robinson na W.H.R. Lumsden waliandika habari zake mwaka 1955. Jina ni la Kimakonde, likiwa na maana ya kukunjamana, kwa jinsi mgonjwa anavyotembea amejikunja. O'nyong-nyong nalo ni neno la Waacholi wa kaskazini mwa Uganda kuhusu udhaifu wa viungo. Mlipuko wake ulioanza huko mwaka 1959 unakadiriwa kuwapata watu wapatao milioni mbili katika Afrika Mashariki.

Waswahili walikuwa na jina lao pia. Daktari James Christie, aliyefanya kazi Unguja, alieleza mlipuko wa mwaka 1870 ambao wenyeji waliuita kidingapopo. Leo kamusi hutumia neno hilo kwa homa ya dengue, na wapo wanaoamini kuwa neno dengue lenyewe limetokana nalo. Hata hivyo, mtafiti D.E. Carey alihoji mwaka 1971 kama ugonjwa wa Unguja haukuwa chikungunya, kwa kuwa Christie alisisitiza maumivu ya viungo yaliyoendelea baada ya homa kwisha. Kwa maneno mengine, malalamiko ya mgonjwa wa Msambweni wa leo huenda yamekwisha kuandikwa pwani hii zaidi ya karne moja iliyopita.

Katika karne hii, mlipuko mkubwa wa kwanza ulikuwa Lamu mwaka 2004, ambako uchunguzi wa damu ulionyesha kuwa takriban robo tatu ya wakazi wa kisiwa waliambukizwa. Ugonjwa ukaingia Mombasa, ukavuka hadi Komoro, na katika miaka ya 2005 na 2006 ukaikumba Réunion, kisiwa cha Ufaransa katika Bahari ya Hindi, na kuwapata karibu theluthi moja ya wakazi. Kenya ilipata milipuko mingine Mandera mwaka 2016, na Mombasa kuanzia mwishoni mwa 2017 hadi mwanzo wa 2018.

Ni Réunion ndiko wagonjwa walikofuatiliwa kwa muda mrefu. Uchunguzi mmoja uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha kuwa takriban asilimia 60 ya waliofuatiliwa walikuwa bado wana maumivu ya viungo miezi 36 baada ya homa. Wagonjwa hao hawafanani. Wapo ambao viungo huvimba na kuharibika kama katika baridi yabisi halisi, nao huhitaji dawa za kutuliza kinga ya mwili chini ya daktari bingwa. Wapo wengine wasio na uvimbe wowote, ambao maumivu yao yametapakaa mwilini, usingizi hauburudishi, uchovu hauondoki, na akili huwa nzito. Hali yao inafanana sana na ile iitwayo fibromialjia.

Fibromialjia ina historia ya kudharauliwa, hata miongoni mwa madaktari. Haionekani katika picha za eksirei wala kipimo cha damu. Mwaka 1990 madaktari wa Marekani waliweka kanuni kwamba mgonjwa aumie katika angalau sehemu 11 kati ya 18 zinapobonyezwa. Kanuni mpya za mwaka 2010 ziliacha hesabu hiyo ya kubonyeza, zikapima kuenea kwa maumivu pamoja na usingizi, uchovu na fikra. Mwaka 2017 chama cha kimataifa cha watafiti wa maumivu kilikubali aina ya tatu ya maumivu, isiyotokana na jeraha la mwili wala mshipa wa fahamu uliokatika, bali na jinsi mfumo wa fahamu unavyopokea na kukuza taarifa. Orodha mpya ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, imeyapa maumivu sugu nafasi yake kama ugonjwa unaojitegemea.

Mabadiliko hayo ya vitabuni yana maana kwa mama anayelima Milalani au kijana anayebeba mizigo hotelini Diani. Akiambiwa kuwa vipimo vyake ni safi na hana ugonjwa, anabaki na maumivu yaleyale, na sasa ameongezewa sifa ya uvivu au ya kupagawa. Kinachofuata ni duka la dawa. Sindano na vidonge vya diklofenaki vikitumiwa mfululizo huweza kuchimba vidonda vya tumbo na kuumiza figo. Pia havifai katika siku za kwanza za homa kabla dengue haijaondolewa shaka, kwa sababu ya hatari ya kutokwa damu, na ndiyo maana parasetamoli hupendekezwa. Kwa fibromialjia yenyewe dawa za aina ya diklofenaki husaidia kidogo mno.

Jopo la Ulaya la madaktari wa magonjwa ya viungo lilipitia ushahidi wote na kutoa mwongozo mpya uliochapishwa mwaka 2017. Tiba moja tu ilipewa pendekezo lenye nguvu, nayo ni mazoezi ya mwili. Nyingine, zikiwamo dawa kama amitriptilini kwa kipimo kidogo, ushauri nasaha wa kubadili fikra na mwenendo, tiba ya maji ya moto, sindano za Kichina, yoga na taichi, zilipewa pendekezo dhaifu, yaani zinaweza kuwafaa baadhi ya wagonjwa. Kuhusu maumivu ya baada ya chikungunya, ushahidi wa mazoezi unatoka hasa Brazil. Huko wagonjwa waliofanya mazoezi ya Pilates kwa majuma 12 walipungukiwa na maumivu kuliko wenzao waliopewa matibabu ya kawaida pekee, ingawa idadi yao ilikuwa ndogo.

Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Yoga, uchuaji na mabwawa ya maji ni bidhaa za kila siku katika hoteli za Diani, zikiuzwa kwa wageni walio likizoni, ilhali mwenyeji mwenye maumivu hupita nje ya ukuta. Lakini bahari haina mlango. Ndani ya mwamba, maji yakiwa mafu, mtu huweza kutembea yakimfika kiunoni, penye mchanga na si penye majabali, uzito wa mwili ukiwa umepungua. Maji yetu, yenye nyuzi kati ya 25 na 30, ni baridi kuliko mabwawa ya tiba yaliyotumiwa katika tafiti, hivyo haifai kudai matokeo yaleyale. Faida ya kutembea ni ileile.

Uchuaji kwa mafuta ya nazi una nafuu ya kweli, japo ya muda. Kuumika, ambako siku hizi hutangazwa kwa jina la hijama, kuna ushahidi dhaifu, na chale zinazokatwa kwa wembe uliokwisha tumika huweza kupitisha virusi vya ukimwi na homa ya ini. Dawa za mitishamba zinazoondoa maumivu kwa usiku mmoja zistahili kutiliwa shaka: uchunguzi katika nchi mbalimbali umekuta baadhi yake zimechanganywa kwa siri na dawa za steroidi.

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inazitambua tiba asilia na tiba mbadala, na inataka uwekwe utaratibu wa waganga kuwapeleka wagonjwa hospitalini. Kazi ya fiziotherapia nayo imekuwa na sheria yake tangu 2014, pamoja na baraza linalosajili wahudumu. Kwa wakazi wa kusini, Hospitali ya Rufaa ya Msambweni, yapata kilomita 50 kutoka kivuko cha Likoni, ndiyo kubwa.

Mazoezi huanza kidogo, hata dakika kumi kwa siku, na kuongezwa polepole. Mgonjwa anayejilazimisha siku ya nafuu hulala siku tatu zinazofuata. Viungo vilivyovimba, ukakamavu wa asubuhi unaozidi saa moja, homa isiyokoma, kukonda au miguu kulegea ni dalili za kumwona daktari kabla ya mchuaji. Kifua kikuu cha uti wa mgongo na selimundu, magonjwa yasiyo mageni pwani, huanza na maumivu pia.

Kuhusu kinga, virusi hivi viwili vinatofautiana. O'nyong-nyong huenezwa na Anopheles, mbu yuleyule wa malaria, hivyo chandarua husaidia. Chikungunya huenezwa na Aedes aegypti, anayeuma mchana na kuzaliana katika mapipa, ndoo na magurudumu makuukuu yaliyotuama maji karibu na nyumba.