Jua la Ufipa na Kidonda Kisichopona

Wazee wa Ufipa husimulia kwamba jina la mji wa Sumbawanga maana yake ni "tupa uchawi". Aliyetaka kuingia, wanasema, sharti aache hirizi zake njiani. Leo nataka kuzungumzia jambo jingine ambalo tulipaswa kulitupa zamani, nalo ni mazoea ya kumtazama mwenzetu akiungua na jua hadi akafa, huku tukisema ndiyo maumbile yake.

Nilisoma shule ya msingi huko katika miaka ya 1970. Darasani tulikuwa na mwenzetu mwenye ualbino. Sisi tulimwita zeruzeru, wala hatukuona kuwa ni tusi. Zilikuwa siku za Elimu ya Kujitegemea, jembe begani kila wiki kwenda shamba la shule, kwenye mahindi na maharage. Mwenzetu alilima kama sisi, kichwa wazi na mikono wazi, kwa sababu sare ya shule ilikuwa shati la mikono mifupi na kofia haikuruhusiwa. Tulipofika darasa la sita akatokwa na kidonda sikioni. Wengine walisema ni baridi, wengine wakasema amerogwa. Akapakwa dawa hii, akanyweshwa mizizi ile. Alipopelekwa hospitali, kidonda kilikwisha kula shingo. Hakufikisha miaka ishirini na mitano.

Waliosema ni baridi walidanganywa na hali ya hewa ya kwetu. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mwezi Juni na Julai watu huvaa makoti na kuota jua ukutani. Lakini joto ni kitu kimoja, na mionzi inayounguza ngozi ni kitu kingine. Wataalamu wanatuambia kwamba kila unapopanda mita 1,000, makali ya mionzi hiyo huongezeka kwa kiasi cha asilimia 10. Mtu wa pwani hulikimbia jua kwa sababu anasikia joto lake. Mfipa hukaa juani kutwa nzima akidhani limepoa. Kwa asiye na rangi ya kuikinga ngozi yake, ubaridi huo ni mtego.

Si kwamba Ufipa haikuwa na waganga wa kisasa. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, Adrian Atiman, Mwafrika aliyekombolewa utumwani akasomea uganga Malta. Alitibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956, na hospitali moja ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake. Lakini mganga wa zamani alimngoja mgonjwa aje. Kwa saratani ya ngozi, anayengoja amechelewa.

Mwaka 1985 madaktari wa kituo cha saratani cha Dar es Salaam walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu 350 wenye ualbino. Picha iliyotoka ilikuwa ya kusikitisha: ngozi inaanza kuharibika utotoni, na saratani inamkuta mtu akiwa bado kijana. Na kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, na kipande cha kwanza, hadi Tunduma, miaka hiyo kilikuwa vumbi tupu. Nani angesafiri hivyo kwa ajili ya kipele cha sikioni?

Jibu lilikuwa kumfuata mtu kijijini. Mwaka 1992 kilianza Moshi, katika hospitali ya KCMC, chuo cha kufundisha matabibu wa ngozi kutoka nchi mbalimbali za Afrika, nao madaktari wake wakaanza kuzunguka vijijini. Mwaka 1995 ilichapishwa taarifa ya watu 164 wenye ualbino waliokuwa katika mpango huo kaskazini mwa nchi. Kazi yenyewe haina maajabu. Mtu anavua shati, anatazamwa uso, masikio, midomo, shingo na mikono. Gamba gumu lisilobanduka linagandishwa kwa naitrojeni baridi kabla halijawa saratani. Kidonda kisichopona kinakatwa kingali kidogo. Mtu anarudi nyumbani na kofia, na mafuta ya kuzuia jua. Katika miaka ya 2010 KCMC yenyewe ikaanza kutengeneza mafuta hayo kwa jina la Kilisun.

Kuna watakaosema kwamba hata Ulaya upimaji wa ngozi unabishaniwa. Ni kweli. Ujerumani ilianza mwaka 2008 kumpima bure kila mwenye miaka 35 na zaidi, baada ya majaribio katika jimbo moja miaka ya 2003 na 2004. Vifo jimboni humo vilishuka, kisha vikarudi vilikokuwa, na mabishano hayajaisha. Lakini wao wanapekua mamilioni wamtafute mmoja. Sisi tunajua tumtafute nani. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 16,477 wenye ualbino Tanzania nzima, na saratani inayowapata zaidi hukua polepole, mahali panapoonekana kwa macho.

Hapo ndipo ule uchawi tulioambiwa tuutupe uliporudi. Tangu katikati ya miaka ya 2000 watu wenye ualbino zaidi ya 70 wameuawa nchini kwa imani kwamba viungo vyao huleta utajiri. Februari 2013, katika mkoa wetu wa Rukwa, mwanamke na mtoto wa shule walikatwa mikono ndani ya mwezi mmoja. Machi 2015 mtoto mdogo mwingine akakatwa mkono. Nani basi angempeleka mwanawe aandikwe jina kwenye orodha, akusanyike na wenzake mahali palipotangazwa hadharani? Mzazi alimficha mtoto, na aliyefichwa mwenye panga alifichwa na daktari pia. Panga lilishika vichwa vya magazeti. Jua liliendelea kuua wengi zaidi, kimya kimya.

Kwa hiyo, ndugu zangu, ulinzi na upimaji ni kazi moja. Kliniki isiyo na usalama haitapata watu, na usalama usio na kliniki unamlinda mtu ili afe kwa kidonda. Tabibu aende kila wilaya angalau mara mbili kwa mwaka, orodha zitunzwe kwa siri, na mwalimu mkuu amruhusu mtoto kuvaa kofia na mikono mirefu, akampangie kazi ya kivulini. Hilo la mwisho halihitaji hata senti moja ya bajeti. Lingefanyika shuleni kwetu, pengine leo mwenzetu angekuwa mzee kama mimi.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliutazama ufa, tena tukiwa tumekaa naye dawati moja.