Mapigo ya Moyo: Kutoka Farasi wa Mashindano hadi Punda wa Githurai

Githurai 45, mtaa uliopata jina kutokana na namba ya basi, haina farasi. Kuna punda wa mkokoteni. Sababu ni ya zamani kuliko mtaa wenyewe. Tauni ya farasi, inayoenezwa na visubi wa usiku, iliua farasi wengi Afrika Mashariki, ilhali punda huipata bila kuugua sana. Aina moja ya ugonjwa huo hulenga moyo: vishimo vya juu ya macho huvimba, na maji hujaa katika mfuko unaouzunguka moyo.

Waliobaki na farasi, hasa wa mashindano yaliyohamia Ngong Road mwaka 1954, walikuwa na sababu ya kuusikiliza moyo. Kipimo cha kwanza ni kidole. Mshipa hupapaswa chini ya taya, mapigo huhesabiwa kwa sekunde 15, kisha huzidishwa mara nne. Farasi mzima aliyetulia hupiga kati ya 28 na 44 kwa dakika; akienda mbio kwa nguvu zote huvuka 200. Stetoskopu, iliyobuniwa Ufaransa mwaka 1816, huwekwa nyuma ya kiwiko cha kushoto. Hapo msikilizaji mgeni hushtuka: moyo unapiga, unapiga, halafu kimya. Pigo limerukwa. Kwa farasi mwenye mazoezi aliyepumzika hilo si ugonjwa. Akikimbizwa kidogo mapigo hurudi kwenye mstari.

La kutisha ni mapigo yasiyo na mpangilio wowote, vyumba vya juu vya moyo vinapotetemeka badala ya kusukuma damu. Mwaka 1911 Thomas Lewis wa London aliunganisha farasi na mashine ya umeme wa moyo ya Mholanzi Willem Einthoven, akaonyesha kwamba kasoro hiyo ni ileile ya binadamu. Mashine hiyo ilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 200. Wagonjwa wa kibinadamu walitumbukiza mikono na mguu katika vyombo vya maji ya chumvi. Dawa ya kasoro hiyo ya mapigo ilitoka pasipotarajiwa: kwinidini, ndugu wa kwinini ya malaria.

Katika miaka ya 1940 Mmarekani Norman Holter alibeba mgongoni kifaa cha takriban kilo 38 ili arekodi moyo ukiwa kazini. Leo kifaa cha namna hiyo hufungwa chini ya mkanda wa farasi na kurekodi saa 24.

Mashindano ya kimataifa ya masafa marefu humwondoa farasi ambaye mapigo yake hayashuki hadi 64 katika muda uliowekwa. Punda anayevuta mitungi ya maji hana mwamuzi wa namna hiyo, ingawa kazi yake haina msimu. Kwake kipimo kinachopatikana ni kile cha kwanza: hatamu zikilegezwa, vidole viwili chini ya taya, jicho kwenye saa ya simu.